Vigingi Vinne

Kitabu cha wageni cha amigo, selo ya polisi, hakina siri. Kila aliyefungwa ana mstari wake, na mbele ya jina lake huandikwa nani alimletea chakula, maana kituo hakipiki. Mahabusu hulishwa na watu wake. Ijumaa ile, saa moja asubuhi, Inspekta Malika Nassoro aliteremsha kidole kwenye ukurasa mpaka mstari wa kumi na saba. Jina: Osée. Jumatano: hakuna. Alhamisi: hakuna.

"Huyu papa hajakula tangu juzi?"

"Benzake bamemugawia fufu kidogo, Chef," alijibu Dady, askari wa zamu, bila kuinua macho kwenye simu. "Ye haiko na mutu."

"Kila mutu iko na mutu."

"Basi ba kwake hawajue njia ya huku."

Malika alikifunga kitabu kwa kishindo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mtoto wa familia za Wangwana wa Kisangani, mwenye ulimi mkali na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Miaka ishirini na miwili ya upelelezi ilikuwa imemzoesha mengi, lakini mstari mtupu kwenye kitabu kile hakuuzoea. Nyumba yake mwenyewe huko Kabondo ilikuwa na kiti kimoja tu kilichokaliwa. Akaondoka pale kabla Dady hajaongeza neno.

Mezani kwake dosie ilimngoja, nyembamba kama ya kesi iliyokwisha. Karatasi ya kwanza ilikuwa mashtaka ya kampuni ya mbao: mzee amekamatwa akiwa ameng'oa vigingi vya mpaka katika msitu wao mpya, mbele ya Bengamisa. Ya pili ilikuwa PV, ripoti rasmi, ya ukaguzi wa ardhi, ile inayotakiwa na sheria kabla msitu haujagawiwa mtu. Iliandikwa miezi mitano iliyopita, na ilisema hivi: ardhi ni tupu, hakuna shamba, hakuna mti uliopandwa na mkono wa mtu, hakuna kaburi. Chini yake, kwa wino wa buluu, palikuwa na saini ya notable, mlinzi wa mila wa mahali pale: Osée.

Ya tatu ilikuwa ya Malika mwenyewe, mahojiano ya jana. Mzee alikuwa amekaa mbele yake, mikono juu ya magoti, na kwa saa nzima alitoa sentensi mbili. Alipoulizwa kuna nini msituni, alisema, "Mule iko batu." Alipoonyeshwa saini, aliweka kidole juu ya lile jina, akakiacha pale muda mrefu, kisha akasema, "Hii ni jina ya Osée." Malika aliandika maneno hayo kama yalivyo, na chini yake akaongeza neno moja: Amekiri.

Saa arobaini na nane za kumshikilia zilikuwa zinaisha saa kumi jioni. Kabla ya hapo ilibidi aidha ampeleke parquet kwa mwendesha mashtaka, au amwachie. Akimpeleka na karatasi ile ikiwa nzima, Jumatatu mashine inaingia msituni. Karatasi ikianguka, mashine inabaki barabarani.

Mlango uligongwa, ukafunguliwa bila kusubiri jibu. Aliingia Yannick, mpima ardhi wa kampuni, ambaye ndiye aliyeiandika PV ile. Kijana wa mjini, buti safi, manukato ya kutosha watu watatu.

"Bonjour, Mama Inspecteur. Alors, dosie iko tayari? Ku parquet banafungaka mapema vendredi."

"Ikale kwanza. Kuna vitu sijasikia vizuri." Malika alivuta karatasi mpya. "Hii saini, alisaini wapi?"

"Ku Bengamisa, ku barza ya chef."

"Wewe ulikuwa pale?"

"Mbele yangu, mama. Na macho yangu hii."

"Jina yake ulipataka kwa nani?"

"Kwa ye mwenyewe. Nilimuuliza, papa, jina? Akasema Osée. Akakamata bic, akaandika."

Malika aliandika yote, akamsomea kwa sauti, akamsogezea kalamu. Yannick alisaini kila ukurasa huku akicheka kidogo, kama mtu anayemvumilia shangazi yake.

"Bon. Na piquet, aling'oa ngapi?"

"Ine."

"Kati ya ngapi?"

"Makumi mbili na sita."

"Namba gani?"

Yannick akatafuta kwenye simu. "Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na ine."

"Alizichoma?"

"Hapana. Alizipanga muzuri kando ya njia. Muzee wa kichwa mubovu, quoi."

Malika aliweka kalamu chini. Mtu mwenye hasira hung'oa kilicho karibu. Kigingi namba moja kilikuwa barabarani kabisa, mtoto angeweza kukipiga teke. Mzee huyu alikuwa amevipita vigingi kumi, akatembea msituni, akang'oa vinne, akaviacha kumi na viwili vilivyobaki vimesimama. Hiyo haikuwa hasira. Huyo alikuwa mtu anayejua anachokifanya.

"Katikati ya kumi na moja na kumi na ine kuna nini?"

"Rien, mama. Pori tu."

"Basi twende unionyeshe hiyo rien."

"Leo? Mama, njia iko mubaya, na saa..."

"Ndiyo maana tunaenda na moto. Simama."

Walivuka daraja la Tshopo kwa moto mbili, yaani pikipiki, na kushika barabara ya kaskazini. Barabara ile, jamani, usiiulize. Matope, mashimo, baiskeli zilizobebeshwa makaa mpaka mwendeshaji haonekani, kisha kilomita nyingi bila mtu, msitu pande zote mbili na kimya chake. Saa nne na nusu waliipita Bengamisa, na mbele kidogo, penye vibanda vinne na meza moja ya mama anayeuza matunda ya nsafu, Yannick akaashiria njia ya mguu.

Vigingi vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Kimoja, viwili, vitano. Malika alivihesabu kwa sauti. Baada ya cha kumi, hatua nyingi bila kigingi, halafu vinne vimelazwa kando ya njia, vimesafishwa udongo. Alisimama pale na kuangalia juu.

"Mawese," alisema.

"Pardon?"

"Miti ya mawese. Moja, mbili, tatu, ine, tano, iko mu mustari. Na kule, mustari ingine."

"Ni ndege, mama. Kasuku inakulaka mbegu, inatupa."

"Kasuku ya kwenu inapimaka na kamba?"

Malika alitembea taratibu kati ya ile mistari miwili ya mawese. Katikati palikuwa pana na tambarare, majani yamefagiliwa. Mtu alikuwa amefagia hapa, si mwaka jana, juma lililopita. Alitafuta mawe, msalaba, chungu kilichotobolewa, chochote ambacho watu huweka juu ya wafu wao. Hakuna. Udongo mtupu uliopigwa ufagio. Alizunguka mara mbili, jasho likamwingia machoni, na moyo ukaanza kumshuka. Karatasi ilisema hakuna kaburi, na kweli kaburi hakuliona.

"Unaona?" Yannick alisema. "Nilikuambia."

Mwishoni mwa uwazi ulisimama mti mmoja mkubwa wa nsafu. Malika alikwenda kuuegemea apumzike, na kiatu chake kikagonga chuma. Akachutama. Shinani, ukiwa umezunguka mti wote, ulionekana ukingo wa chuma chenye kutu, nusu yake umemezwa na gome. Alikwangua kwa funguo zake. Matundu madogo, yamepangana sawasawa. Matundu ya spoku.

"Ni jante ya kinga," alisema. Rimu ya baiskeli.

"Bawindaji," Yannick alisema haraka. "Balitupa tu."

"Waliitupa namna gani?" Malika aliinuka, akayafuata matawi kwa macho. "Huu mti iko na matawi upana wa nyumba. Jante haiwezi kupita juu ikashuka mupaka huku chini. Ilikuwa hapa kwanza. Ililazwa chini, na mutu akapanda nsafu katikati yake, ikiwa kidogo kama kidole." Akatoa utepe wa kupimia, akapima, akapiga picha tano. "Na PV yako inasema hakuna muti ya kupandwa na mukono ya mutu."

Njia ya mwongo ni fupi. Yannick alianza kuifikia mwisho wake, na manukato yote yale hayakumfaa kitu. Lakini Malika bado hakujua ameshika nini. Mti uliopandwa ni mti. Nani aliupanda, na kwa nini mzee aliikubali saini ile?

Walirudi barabarani. Mama wa nsafu alikuwa ameweka matunda yake ya zambarau katika maji ya moto yalainike, na alipoiona sare aliinuka na kujifuta mikono. Alijitambulisha: Georgette. Hakuwa mdogo wala mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyepata wa kuongea naye kila siku.

"Muko na Papa Osée kule? Iko muzima?"

"Iko muzima. Unamujua?"

"Nani hamujue? Ni ye anafagiaka kule Mugini ya Zamani. Kila juma. Zamani balikuwa batu kumi na bili ba kufagia, bengine balikufa, bengine balienda Kisangani, balipotea. Sasa ni ye moja."

"Mugini ya Zamani ni pale penye mawese?"

"Si ndiyo. Bababu zetu balikuwa pale. Bazungu bakakata njia hii, bakasema kila mutu akuye kukala ku njia bamuhesabu. Batu bakahama." Georgette akaonyesha vibanda vinne kwa kidevu. "Bale balikufa hawakuhama. Iko kule."

"Mbona hakuna musalaba, hakuna kitu?"

"Weee! Sisi hatuwekake kitu. Tunafagia tu. Pahali panafagiwa, pana mwenyewe."

Malika alishusha pumzi. Saa nzima alikuwa amesimama juu ya makaburi akitafuta makaburi.

"Na nsafu ile yenye jante?"

Georgette akaigeuza nsafu moja majini. "Ile hatukulake matunda yake. Ile ni ya Osée."

"Papa Osée alipanda?"

"Mama, hausikie. Ni ya Osée. Mutoto."

Kisangani, neno papa lina milango miwili. Papa Lambert aweza kuwa mzee anayeitwa Lambert, na aweza kuwa baba wa mtoto anayeitwa Lambert. Wenyeji hawapotei, maana wanamjua mtu. Anayepotea ni mgeni mwenye haraka, anayefika kijijini na kuuliza mlinzi wa mila anaitwa nani, akaambiwa "Papa Osée," akaandika Osée. Na anayepotea pia, aibu iliyoje, ni mpelelezi wa miaka ishirini na miwili aliyenakili jina kwenye kitabu cha amigo bila kuuliza.

"Osée alikufa lini?" Malika aliuliza. Hakumtazama Yannick, lakini alijua yuko wapi.

"Mu vita ya siku sita ku Kisangani, mwaka elfu mbili. Papa yake alikuwa anaendesha toleka Kisangani, unajua, kinga ya kubeba batu. Bombe ikaanguka ku lupango ya nyumba yao. Mama ya mutoto akakufa palepale, balimuzika kule mujini na bengine. Mutoto alikuwa anapumua. Akamuweka ku kiti ya toleka, akamufunga na kitambaa, akatoka mujini. Alitaka kumufikisha kwa bandugu yake ku kijiji. Aliendesha siku mbili. Alipofika hapa kwangu, nilimupokea, nikamwambia, ndeko, mutoto huyu alishakufa. Akasema minajua, tangu daraja."

Lori la mbao lilipita na kuwanyunyizia matope, na Georgette akafunika matunda yake kwa kanga.

"Alikuwa na miaka ngapi?"

"Sita."

Sasa Malika akageuka. "Yannick. Asubuhi ulisaini kwamba ulimuuliza muzee jina yake, na ye mwenyewe akasema Osée, akakamata bic, akaandika mbele ya macho yako."

"Mama Inspecteur..."

"Macho yako hii."

"Kampuni ilikuwa na haraka," Yannick alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu. "Nilimutafuta mara mbili, haiko. Batu balisema tu ni Papa Osée, nikaandika miye. Ilikuwa formalité."

"Ulimusainisha mutoto ya miaka sita, alikufa, kwamba pahali alizikwa hakuna kaburi." Malika alitamani kumpiga kofi, badala yake akafunga mkoba. "Panda moto."

Georgette alifunga nsafu kumi na kwanga mbili za muhogo kwenye jani na kumkabidhi. "Mupelekee. Umwambie nitafagia miye, mupaka arudie."

Walifika kituoni saa tisa na nusu. Yannick alikuwa amepiga simu moja tu kutoka nyuma ya pikipiki, na tayari mke wake alisimama langoni na sufuria lililofunikwa na dada yake akiwa na mkeka. Mstari wa kumi na nane, wa mahabusu mpya Yannick, ulijaa kabla hata mwenyewe hajaingia. Kwenye mstari wa kumi na saba Malika aliandika kwa mkono wake: Ijumaa, Mama Georgette wa Bengamisa.

Mzee aliletwa ofisini. Aliona jani la nsafu mezani, akajua nani alilifunga, lakini hakuligusa.

"Papa, jina yako ni nani?"

"Papa Osée."

"Hiyo ni ya kuitwa. Ninauliza ile ya carte d'identité."

Alifikiri. Alikuwa kama anatafuta kitu alichokiweka mahali zamani. "Lifoko," alisema. "Lifoko René."

"Juu ya nini hukuniambia jana?"

"Haukuuliza."

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Malika aliimeza aibu yake. Akaichukua ile PV ya wino wa buluu, akaiweka kati yao.

"Uliweka kidole hapa. Ulijua haukuandika wewe. Mbona hukusema ni uongo?"

Mzee akainama, na kidole kikarudi palepale.

"Mama, huyu mutoto hakuwaka na karatasi. Alizaliwa, hatukuandikisha. Alikufa, nani angeandika, siku ile? Sijaonaka jina yake ku karatasi hata moja. Sasa wewe unanipa hii, ya serikali, na tampon, muhuri yake, inasema Osée, notable, amesaini. Nikahesabu. Angekuwa na miaka makumi tatu. Anaweza kuwa notable, miaka makumi tatu." Akatabasamu kidogo, kwa aibu. "Nikasema, wacha nimuangalie kwanza."

Malika alivua miwani.

Akasema polepole. "Papa, unisikilize. Hii karatasi ndiyo inaleta mashine jumatatu. Miye naweza kuivunja leo, lakini kwa njia moja. Inabidi niandike kwamba Osée amekufa, mwaka gani, na kwamba iko chini ya ule muti. Na wewe usaini, na jina yako. Parquet wataona kwamba amesaini mutu alikufa, na pori haiko tupu."

"Na hapa?" Kidole hakijatoka. "Hapa bataifuta?"

"Wataifuta."

"Na miye bataniitaka nani?"

Saa ya ukutani ilisema kumi kasoro dakika kumi na mbili. Nje, mke wa Yannick alikuwa akicheka na mtu.

"Batachimbua?" mzee aliuliza tena.

"Hapana. Jante itasema. Nimeipiga picha."

Mzee aliitazama saini mara ya mwisho. Kisha akaondoa kidole.

"Andika," alisema. "Andika amekufa."

Malika aliandika. Alilikata neno Amekiri kwenye karatasi ya jana kwa mstari mmoja ulionyooka, akaweka saini yake pembeni, maana kosa la mpelelezi nalo lazima liwe na mwenyewe. Alimsomea mzee kila neno: Osée, mwana wa Lifoko René, amefariki akiwa na miaka sita, amezikwa kwa wazee wake. Mzee akasikiliza macho yamefumbwa. Akachukua kalamu, akaandika jina lake kubwa, herufi moja moja, na ile N ya René ikaegemea upande.

Saa kumi kasoro dakika mbili, kwenye meza ya zamu, Dady alitoa mkanda, ndala na pesa ndogo za mtu anayeachiwa. Kitabu kilikuwa kimesahihishwa, naye alisoma kilichoandikwa.

"Lifoko!" aliita. "Lifoko René!"

Mzee alikuwa amesimama kando ya ukuta na jani lake la nsafu mkononi, akiangalia barabara. Hakutikisika.

"Lifoko René! Papa, hausikie? Njoo ukamate vitu vyako!"

Malika alifika mlangoni mwa ofisi yake. Alimtazama yule mzee peke yake katika ua ule, watu wa Yannick wakimpita kushoto na kulia na vyombo vyao. Akamsogelea mpaka karibu.

"Papa Osée," aliita.

Akageuka.